Naheed Nenshi, kutoka darasani hadi umeya na uongozi wa upinzani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni yale yanayorudi kila jina la Nenshi linapotajwa, iwe Dar es Salaam au Toronto. Mengi yanahusu wazazi wake. Machache yanahusu kazi zake, ingawa huko ndiko kwenye mambo.

## Mambo ya msingi

Naheed Nenshi ni nani?

Ni mwanasiasa wa Kanada ambaye kabla ya hapo alikuwa mshauri wa makampuni, kisha mhadhiri wa chuo. Aliongoza jiji la Calgary, jiji kubwa kuliko yote katika jimbo la Alberta, kwa vipindi vitatu mfululizo, kuanzia 2010 hadi 2021. Akakaa pembeni kwa muda, kisha Juni 2024 akachaguliwa kuongoza chama cha NDP (New Democratic Party), cha mrengo wa kushoto, cha Alberta. Tangu uchaguzi mdogo wa Juni 2025 ni mbunge katika bunge la jimbo hilo na kiongozi wa upinzani.

Angalizo kwa msomaji: katika ukurasa huu "jimbo" ni lile eneo kubwa lenye serikali yake, kama Alberta au Ontario. Eneo analowakilisha mbunge mmoja tumeliita "jimbo la uchaguzi".

Ni Mtanzania?

Hapana. Wazazi wake ndio waliohamia Kanada kutoka Tanzania. Ni Waismailia wenye asili ya Kihindi, kama familia nyingi ambazo mababu zao walivuka bahari kutoka Gujarat wakafungua maduka Zanzibar na pwani, kisha wakaingia bara. Yeye alizaliwa Toronto tarehe 2 Februari 1972, akakulia Calgary. Ni Mkanada wa kuzaliwa. Tanzania nayo hairuhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili, kwa hiyo hata mjadala wa "huyu ni wetu kwa karatasi" hauna pa kuanzia.

Vichwa vya habari vya "Mtanzania aongoza jiji Kanada" vilipendeza, lakini vilipitiliza. Tunachoweza kusema bila kutia chumvi ni kwamba ametoka katika nyumba ambayo baba na mama waliifahamu Afrika Mashariki kabla ya kuifahamu baridi ya Alberta, na kwamba amekuwa akizungumzia hadharani safari hiyo ya wazazi wake.

Si ni mmoja wa wale Wahindi waliofukuzwa na Idi Amin?

Swali hili halikomi, na kalenda peke yake inatosha kulijibu. Amin alitangaza amri yake tarehe 4 Agosti 1972. Nenshi alikuwa ameshazaliwa Toronto miezi sita kabla. Na wazazi wake walitoka Tanzania, si Uganda.

Watu huchanganya kwa sababu mikondo miwili ya wahamiaji ilifika Kanada karibu wakati mmoja: maelfu ya Waasia wa Uganda waliokimbia amri ya Amin, na wengine kutoka Tanzania na Kenya walioondoka kwa sababu zao mbalimbali. Upande wa Tanzania, utaifishaji wa majengo wa 1971 uliwasukuma wengi kufungasha, lakini haifai kumbandika kila aliyehama sababu hiyo.

Ni Mwislamu wa dhehebu gani?

Ni Shia Ismailia, jumuiya inayomfuata Aga Khan. Wasomaji wa Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi wanaijua vizuri kupitia hospitali na shule zake. Suala la yeye kuwa "meya wa kwanza Mwislamu" lina swali lake hapo chini.

## Kabla ya siasa

Alisomea nini?

Shahada ya kwanza ya biashara aliipata Chuo Kikuu cha Calgary mwaka 1993, na huko alikuwa rais wa serikali ya wanafunzi. Shahada ya uzamili ni ya sera za umma, kutoka Kennedy School ya Chuo Kikuu cha Harvard, mwaka 1998.

Dokezo dogo kwa wapenda siasa: Danielle Smith, waziri mkuu wa Alberta ambaye leo ndiye mpinzani wake mkubwa, naye alipita Chuo Kikuu cha Calgary mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mabishano yao ya bungeni yana mizizi mirefu kuliko watu wanavyodhani.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa ipi?

Alifanya kazi McKinsey, kampuni ya ushauri wa biashara, kwa miaka kadhaa. Baadaye akaanzisha kampuni yake ndogo ya ushauri. Kati ya wateja na miradi yake kulikuwa na kazi za Umoja wa Mataifa na za maduka ya nguo ya Gap. Mtu anayemwona leo akiongoza chama cha mrengo wa kushoto hushangaa kusikia hayo, na wapinzani wake wa kushoto kabisa hawajayasahau.

Alikuwa mwalimu kweli, au ni cheo cha heshima tu?

Mwalimu kweli. Alifundisha katika shule ya biashara ya Mount Royal, Calgary, chuo kilichopandishwa hadhi kuwa chuo kikuu mwaka 2009. Somo lake lilikuwa uendeshaji wa mashirika yasiyo ya faida: namna asasi inavyotafuta fedha, inavyopima kazi yake, inavyoendesha bodi. Hutajwa kuwa mhadhiri wa kwanza Kanada kupewa ajira ya kudumu katika fani hiyo.

Kwa maoni yangu, hapa ndipo penye ufunguo wa mambo mengine yote. Wanasiasa wengi hupanda jukwaani kushangiliwa. Nenshi hupanda kueleza. Atakuchorea bajeti ya jiji kana kwamba mtihani ni kesho. Walioichoka tabia hiyo walimwita mjuaji. Walioipenda walisema hatimaye wamepata mtu asiyewafanya watoto. Wote walikuwa wanamwelezea mtu yuleyule.

Umeya wa 2010 ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kugombea?

Hapana. Mwaka 2004 aligombea udiwani Calgary akashindwa. Kati ya hapo na 2010 hakukaa kimya: alikuwa mmoja wa waandishi wakuu wa mpango wa muda mrefu wa jiji uitwao imagineCALGARY, aliandika makala katika gazeti la Calgary Herald, na alikuwa karibu na vikundi vya wananchi waliofuatilia vikao vya madiwani. Alipochukua fomu ya umeya, watu waliofuatilia mambo ya jiji walimjua. Wengine wote hawakumjua kabisa.

## Miaka ya umeya

Mtu asiyejulikana alishindaje 2010?

Wiki chache kabla ya kura alikuwa nyuma sana katika maoni ya wapiga kura. Mbele yake walikuwa Ric McIver, diwani mzoefu wa kihafidhina aliyedhaniwa ameshapita, na Barb Higgins, mtangazaji wa habari wa televisheni ambaye kila nyumba ilimfahamu sura. Tarehe 18 Oktoba 2010 Nenshi alipata karibu asilimia 40 ya kura, na zaidi ya nusu ya waliostahili kupiga kura walijitokeza. Kwa uchaguzi wa mji Kanada, mahudhurio hayo ni makubwa.

Watu husema "alishinda kwa Facebook". Ni kweli kwamba timu yake iliitumia mitandao mapema kuliko wengine, lakini wagombea wengine nao walikuwa na akaunti vilevile. Tofauti ilikuwa mambo mawili. Kwanza, alikutana na watu majumbani kwao, kahawa mezani, akajibu maswali mpaka yakaisha. Pili, kaulimbiu yake ilikuwa kufanya siasa kwa sentensi kamili, na aliifuata: kwa kila suala alikuwa na maelezo, pamoja na gharama. Wapinzani wawili wakubwa waligawana kura za waliozoeleka, naye akapita katikati.

Rangi ya zambarau ilikuwa na maana gani?

Nyekundu ni rangi ya Liberali, buluu ni ya Wahafidhina. Ukizichanganya unapata zambarau. Ilikuwa njia ya kusema hafungamani na upande. Ushindi wake ukaitwa "mapinduzi ya zambarau", na mashati, tai na skafu za rangi hiyo zikawa sare yake ya kudumu. Siasa zimebadilika, kabati lake la nguo halijabadilika.

Alikuwa meya kwa tiketi ya chama gani?

Hakuna. Wakati wote wa umeya wake, uchaguzi wa Calgary haukuwa na vyama kwenye karatasi ya kura. Kila diwani alisimama kwa jina lake.

Meya wa Calgary ana mamlaka gani hasa?

Machache kuliko unavyodhani. Anachaguliwa moja kwa moja na wapiga kura wa jiji zima, tofauti na Tanzania ambako madiwani ndio humchagua meya. Lakini akishaingia ukumbini ana kura moja tu kati ya 15: yake na za madiwani 14. Hana kura ya turufu na hana uwezo wa kumfukuza diwani. Shughuli za kila siku zinaendeshwa na mtendaji mkuu wa jiji. Kwa hiyo usimfananishe na gavana wa Nairobi, mwenye baraza lake la mawaziri wa kaunti.

Ukisoma "Nenshi alijenga" au "Nenshi alikataa", jiulize kwanza: kura nyingine zilitoka wapi?

Alifanya nini wakati wa mafuriko ya 2013?

Juni 2013 mito ya Bow na Elbow ilifurika, na katikati ya jiji, penye makao makuu ya makampuni ya mafuta, pakafungwa. Kusini mwa Alberta watu wapatao 100,000 walihamishwa makwao. Nenshi alikuwa redioni, kwenye televisheni na mitandaoni karibu saa zote akisema nini kinajulikana, nini bado, na kila mtaa ufanye nini. Wananchi walianzisha kampeni mtandaoni wakimsihi akalale japo kidogo.

Kuna siku aliona watu wakiendesha mtumbwi kwenye mto uliofurika. Mbele ya waandishi alisema anayo majina mengi ya kuwaita watu hao, ila haruhusiwi kutumia hata moja. Jiji zima lilicheka, na ujumbe wa kukaa mbali na mto ukafika.

Wiki mbili baadaye Calgary Stampede, maonyesho yao makubwa ya kila Julai, yalifanyika kama kawaida ingawa viwanja vilikuwa vimezama. Oktoba mwaka huohuo alichaguliwa tena kwa asilimia 74. Tuzo ya World Mayor ya 2014 nayo ilimwendea yeye. Bila mafuriko angeshinda tena? Pengine. Kwa asilimia 74? Nina shaka.

Ukiacha mafuriko, aliacha nini cha kushikika?

Handaki la barabara chini ya njia ya ndege ya Calgary, kwa mfano. Uwanja wa ndege ulikuwa unajenga njia mpya ambayo ingekata barabara iliyotumiwa na wakazi wa kaskazini mashariki, upande aliokulia yeye mwenyewe. Ama handaki lijengwe mara moja, ama nafasi ipotee. Madiwani waliidhinisha mapema 2011, kwa gharama iliyokaribia dola milioni 300 za Kanada, na likafunguliwa 2014. Maktaba Kuu mpya, iliyofunguliwa Novemba 2018, ni ya kipindi chake pia, ingawa safari yake ilianza kabla.

Lakini mfano unaoeleza kazi ya meya vizuri zaidi ni wa vyumba vya chini. Calgary ina nyumba nyingi zenye ghorofa ya chini ya ardhi inayoweza kupangishwa kama makazi kamili. Katika mitaa mingi, mwenye nyumba aliyetaka kufanya hivyo kihalali alilazimika kufika mbele ya baraza zima, ombi moja moja, na wajane na wanafunzi wakisimulia maisha yao binafsi mbele ya madiwani. Nenshi aliahidi kuondoa utaratibu huo mwaka 2010. Alishindwa kura, akarudi, akashindwa tena. Baraza lilikubali Machi 2018, akiwa kipindi cha tatu.

Kwa nini jiji lilikataa Olimpiki?

Calgary ilikuwa mwenyeji wa Olimpiki ya msimu wa baridi 1988, na kumbukumbu zake bado ni tamu huko. Nenshi aliunga mkono kuomba tena kwa 2026. Kura ya maoni ya tarehe 13 Novemba 2018 ilikuja na jibu: zaidi ya asilimia 56 walisema hapana.

Bei ya mafuta ilikuwa imeporomoka tangu 2014, maghorofa ya katikati ya jiji yalikuwa matupu, na makubaliano ya nani alipe nini yalifika dakika za mwisho. Mwalimu aliyezoea kuwaeleza watu hesabu safari hii alikuwa na hesabu ambazo zenyewe zilikuwa hazijakaa sawa.

Kwa nini wafanyabiashara walimkasirikia mwishoni?

Kodi ya majengo. Thamani ya maghorofa ya katikati ya jiji iliposhuka, mzigo wake uliwaangukia wenye maduka, gereji na migahawa ya pembezoni, ambao bili zao ziliruka bila biashara yao kukua. Mwaka 2019 waliandamana hadi ofisi za jiji. Baraza lilipunguza matumizi, lakini hasira haikuisha. Dalili zilikuwepo tangu 2017, alipomshinda Bill Smith kwa asilimia 51 tu, katika kampeni iliyotawaliwa pia na ugomvi na timu ya magongo ya Flames juu ya uwanja mpya.

Ni kweli alishtakiwa kwa kauli zake?

Ndiyo. Mwaka 2013 mjenzi mmoja mkubwa wa nyumba alimfungulia kesi ya kashfa akidai dola milioni 6. Ilimalizwa kwa makubaliano mwaka 2015, lakini swali la nani alipe mawakili wa meya liliendelea kumsumbua. Mwaka 2016, akiwa ndani ya gari la kukodi Boston, alirekodiwa akimtukana mkuu wa Uber, akaomba radhi. Ulimi uliomjenga ndio huohuo uliomponza.

Kwa nini hakugombea 2021?

Aprili 2021 alitangaza kwamba hatatafuta kipindi cha nne na kwamba ni wakati wa kuwapisha wengine. Nafasi yake ilichukuliwa na Jyoti Gondek, diwani, mwanamke wa kwanza kuwa meya wa Calgary. Kama angeshinda tena ni suala la kubahatisha. Soma hapo juu jibu la Olimpiki na lile la wafanyabiashara, kisha ukadirie.

## Kutoka jiji hadi jimbo

Kwa nini mtu aliyejivunia kutokuwa na chama aliingia chama?

Rachel Notley, waziri mkuu wa zamani wa Alberta, alitangaza kung'atuka uongozi wa NDP baada ya kushindwa uchaguzi wa 2023, ambapo chama chake kilipata viti 38 kati ya 87. Nenshi aliingia mbioni Machi 2024. Uanachama uliongezeka kwa kasi hadi takriban 85,000, na tarehe 22 Juni alishinda kwa asilimia 86.

Hoja yake ilikuwa kwamba serikali ya Danielle Smith imelipeleka jimbo pabaya, na chama pekee chenye nguvu ya kuiondoa ni NDP. Wakosoaji walisema amekodi chama kama gari. Nadhani ukweli uko katikati: chama kilihitaji mtu wa Calgary, kwa kuwa huko ndiko uchaguzi wa Alberta unakoamuliwa, naye alihitaji chombo. Kazi ngumu ni kwamba kiongozi wa chama hawezi kueleza pande zote za jambo darasani kisha akawaachia wanafunzi waamue. Lazima aseme upande mmoja, kila siku, tena kwa ufupi. Hilo hajalizoea, na linaonekana.

Iweje mtu wa Calgary awakilishe Edmonton?

Kwa Wakanada ni kichekesho, kwa sababu miji hiyo miwili ina utani kama wa Simba na Yanga. Sababu ni ya kawaida: Notley alijiuzulu kiti chake cha Edmonton-Strathcona mwishoni mwa 2024, na ni ngome ya NDP. Kabla ya hapo Nenshi aliongoza chama akiwa nje ya ukumbi, huku Christina Gray akisimama kama kiongozi wa upinzani bungeni. Uchaguzi mdogo ulifanyika tarehe 23 Juni 2025, akashinda kwa zaidi ya asilimia 80.

NDP ya Alberta na NDP ya taifa ni kitu kimoja?

Kwa muda mrefu, ukijiunga na ya jimbo uliingizwa moja kwa moja katika ya taifa. Mei 2025 wanachama wa Alberta walipiga kura kuufanya uanachama wa taifa kuwa wa hiari. Katika jimbo linaloishi kwa mafuta, kuonekana pacha wa chama cha taifa chenye mashaka na mabomba ya mafuta ni mzigo.

## Maswali ya pembeni

Ni kweli alikuwa meya wa kwanza Mwislamu?

Alikuwa Mwislamu wa kwanza kuongoza jiji kubwa la Amerika Kaskazini. Sadiq Khan alishinda London 2016. Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala, alishinda New York Novemba 2025. Hivyo miji miwili mikubwa ya bara hilo imewachagua Waislamu wenye nyuzi za Afrika Mashariki. Mamdani alizaliwa Uganda kwelikweli. Kwa Nenshi rudi kwenye swali la Utanzania.

Akishinda uchaguzi ujao, atakuwa mtu wa kwanza mwenye asili ya Kihindi kuongoza jimbo Kanada?

Hapana. Ujjal Dosanjh, mzaliwa wa Punjab, aliongoza British Columbia mwaka 2000 hadi 2001, naye pia kwa tiketi ya NDP. Uchaguzi wa Alberta umepangwa Oktoba 2027, na kwanza Nenshi anahitaji kuongeza viti kadhaa juu ya vile vilivyopatikana 2023.